Saladi ya mboga mbichi za kukwaruza: pesa iliyofichwa kwenye kabichi, karoti na bitiruti za msimu wa baridi

Kuanzia Juni mpaka Agosti huku kwetu milimani Lushoto baridi inakaza, ukungu unakaa mpaka saa nne, na mboga zinapendeza kweli kweli. Shida ni kwamba zinapendeza kwa kila mtu kwa wakati mmoja. Kabichi za Soni zinashuka, karoti zinashuka, magari yanapanga foleni, na dalali anakuja na sauti ile ile ya kila mwaka: "Mzigo mwingi sokoni, mdogo wangu, leo chukua hii." Hapo bado hajachambua. Karoti yenye miguu miwili anaitupa pembeni, iliyopasuka pembeni, fupi pembeni. Ukirudi nyumbani unakuta umelisha ng'ombe sehemu nzuri tu ya shamba lako.

Leo sitazungumzia mbegu wala mbolea peke yake. Tunaingia jikoni, halafu tunatoka na daftari la hesabu. Nataka tutengeneze saladi nzito ya mboga mbichi za kukwaruza, isiyo na nyama, maziwa, yai wala asali, inayomshibisha mtu mzima mchana, na ambayo kijana mwenye eka moja anaweza kuiuza mjini. Ukisoma mpaka mwisho utaona kwamba kazi kubwa ya saladi hii inafanyika shambani, wiki kadhaa kabla ya kushika kisu.

Kwa nini saladi hii, na kwa nini sasa

Wenzetu wa Ulaya wanapofika Oktoba na Novemba, majani ya miti yakipukutika, wanavuna karoti, bitiruti na kabichi kabla ya theluji. Nyingi wanazila mbichi. Wafaransa wana saladi yao ya karoti za kukwaruza zilizotiwa mafuta na siki. Waholanzi wana saladi ya kabichi iliyokatwa nyembamba, na jina la Kiholanzi ndilo lililozaa lile la Kiingereza tunaloliona kwenye menyu za mahoteli. Wajerumani nao wanakwaruza kila mzizi wanaoupata, wanachanganya na tufaa na njugu. Ni chakula cha mkulima aliyejaza ghala, si chakula cha mgonjwa.

Sisi huku hatuna theluji, lakini tuna miezi yetu ya ubaridi, na mazao ni yale yale. Karoti inapata rangi na utamu mzuri zaidi joto likiwa kati ya nyuzi 15 na 21. Kabichi inafunga vizuri na kuwa tamu kwenye ubaridi. Bitiruti iliyokua kwenye joto kali mara nyingi ukiikata unakuta miduara myeupe ndani, ila ya msimu huu inatoka nyekundu moja kwa moja. Kwa hiyo kama kuna wakati mboga zetu zinafaa kuliwa mbichi, ni sasa.

Halafu kuna wateja. Wapo watu wasiokula kitu chochote kinachotoka kwa mnyama, wenyewe wanajiita vegani. Neno hilo lilianzia Uingereza mwaka 1944. Watalii wengi wanaopanda milima yetu wanauliza chakula hicho na wanaambulia chipsi. Lakini usiwategemee watalii peke yao. Wapo Wasabato wengi wasiokula nyama, wapo Wakristo kwenye Kwaresma, wapo Wahindu mjini Tanga na Dar, na wapo wafanyakazi wa ofisini waliochoka na wali maharage. Angalizo moja: Mjaini anayeshika dini yake sawasawa hali mizizi, kwa hiyo karoti, bitiruti na kitunguu kwake hapana. Ukipata oda, uliza kwanza. Muuzaji anayeuliza anaheshimika.

Inaanzia shambani

Mboga ya kupika ina bahati, moto unarekebisha baadhi ya mambo. Mboga ya kuliwa mbichi haina msamaha huo. Chochote ulichokiacha juu yake kinaingia mdomoni mwa mteja kama kilivyo. Kwa hiyo kabla hujawaza kikwaruzo, hakikisha mambo manne.

*Kwanza, tarehe ya dawa.* Kila kiuatilifu kilichosajiliwa kina lebo, na kwenye lebo kuna siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Nyingine siku 3, nyingine 7, nyingine 14 na zaidi. Siku hizo hazihesabiwi kwa kukisia. Nunua daftari, andika tarehe, jina la dawa, kiasi, kipande cha shamba, na siku ya mwisho ya kusubiri. Na usijidanganye kwamba kuosha kunamaliza kila kitu. Zipo dawa zinazoingia ndani ya mmea, hizo hata uoshe kwa mapipa hazitoki. Anayesimamia viuatilifu nchini ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Dawa isiyo na lebo, iliyopimwa kwenye chupa ya soda, usiipeleke shambani kabisa.

*Pili, samadi.* Samadi mbichi inabeba vijidudu vya kuharisha. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka samadi mbichi iwekwe angalau siku 120 kabla ya kuvuna zao linalogusa udongo. Karoti inakaa shambani siku 75 mpaka 100 hivi, kwa hiyo ukiweka samadi mbichi siku ya kupanda tayari umeshachelewa. Tumia samadi iliyoiva au mboji. Na faida ni mbili, maana samadi mbichi ndiyo pia inaipa karoti miguu mitatu.

*Tatu, maji.* Ukimwagilia kwa maji ya mto unaopita chini ya vyoo na mabanda, usimwagilie juu ya majani wakati zao linakaribia kuvunwa. Elekeza maji chini kwenye udongo. Maji ya kuoshea mboga yawe ya bomba salama, ya kuchemsha au yaliyotiwa dawa ya klorini kwa kipimo cha kwenye chupa.

*Nne, aina ya mbegu na uvunaji.* Karoti za jamii ya Nantes ni laini na tamu, nzuri kuliwa mbichi. Chantenay ni fupi na nene, inavumilia udongo mzito na inakwaruzika haraka. Bitiruti ya Detroit Dark Red inatosha sana, ila ivune ikiwa saizi ya ngumi ya mtoto. Ukiiacha inenepe inakuwa na nyuzi. Karoti yenye bega la kijani ni chungu, kwa hiyo pandishia udongo mapema jua lisiipige. Vuna asubuhi, kata majani ya karoti na bitiruti hapo hapo maana yanaendelea kunyonya maji kutoka kwenye mzizi, na weka kivulini.

Jambo moja dogo linalowashangaza wengi: usihifadhi karoti pamoja na matufaa, ndizi mbivu au parachichi. Matunda hayo yanatoa gesi ya kuivisha, na karoti ikikaa nayo inakuwa chungu. Mteja atadhani umemuuzia mbegu mbaya.

Oda ya sahani mia mbili

Wapo ndugu wawili wa huku milimani, mmoja ana miaka 27, mdogo wake 23. Wanalima kabichi, karoti na bitiruti kwenye vipande vitatu, na walishaanza kuuza saladi kwa vikombe siku za gulio. Mama mmoja mpishi wa sherehe akaionja, akaipenda, akawapa oda ya sahani 200 za harusi ya Jumamosi. Akalipa nusu kabisa. Kwa vijana wale hiyo ilikuwa pesa ya kodi ya shamba ya msimu unaofuata.

Jumatano jioni mkubwa akanipigia.

"Bwana shamba, shikamoo. Nina swali la haraka. Kabichi zetu tumepiga dawa ya viwavi Jumapili. Lebo inasema siku kumi na nne. Tukiziosha vizuri na maji ya chumvi si inatosha?"

"Marahaba. Haitoshi."

Akanyamaza kidogo. Nikamsikia mdogo wake kwa nyuma: "Mwambie majani ya nje tunayatoa yote!"

"Hata mkiyatoa," nikamwambia. "Hiyo ni kabichi ya kuliwa mbichi na watu mia mbili, kuna wazee, kuna mama wajawazito, kuna watoto. Lebo imesema kumi na nne, nyie mpo siku ya tatu. Hakuna hesabu hapo."

"Sasa tumwambie nini yule mama? Hela yake nusu tumeshanunulia vyombo."

Nilichowashauri ni hiki: kata ya jirani kuna kikundi kinachoandika daftari, waulizeni kama wana kabichi iliyomaliza siku zake. Wakapata kiasi, haikutosha sahani zote. Basi wakampigia mama ukweli. Mkubwa alinisimulia baadaye maneno yake: "Mama, samahani sana. Kabichi yetu ina dawa, hatuwezi kukupa. Tumepata ya kutosha sahani mia na ishirini. Zilizobaki tunaweza kuongeza karoti, bitiruti na hoho, au tukurudishie hela ya sahani hizo."

Mama akafoka kwanza, na ni haki yake. Halafu akauliza swali moja: "Mnajuaje hiyo ya jirani ni salama?" Wakampiga picha ukurasa wa daftari, wakamtumia. Akakubali zile 120, na 80 akazipunguza bei. Jumapili vijana walikuwa na faida ndogo sana, karibu na sifuri. Lakini hakuna mtu aliyeumwa, na yule mama bado anawapigia. Siku hizi kabla ya kutoa oda anaomba ukurasa wa daftari kwanza.

Nimewaeleza hili ili muone biashara hii ilivyo. Ukiuza gunia likaharibika, umepoteza gunia. Ukilisha harusi chakula kibichi kikaharibika, unapoteza jina, na huku milimani jina haliotwi mara mbili.

Mahitaji ya sahani kumi

Tuje jikoni. Vipimo hivi vinatoa karibu kilo tatu na nusu, sawa na sahani kumi za gramu 350. Hiyo ni sahani ya kushibisha, siyo ile ya kupamba pembeni ya wali.

- Kabichi kilo 1
- Karoti kilo 1 (zile zenye miguu miwili na zilizovunjika zinafaa kabisa, mradi si mbovu)
- Bitiruti gramu 600
- Maharage makavu gramu 300
- Karanga gramu 150
- Pilipili hoho 2, kitunguu maji 1 kikubwa
- Giligilani fungu moja
- Ndimu 3, chungwa 1 (msimu huu ya Muheza yapo ya kutosha)
- Mafuta ya alizeti vijiko vikubwa 5
- Tangawizi kipande cha kidole gumba, kitunguu saumu punje 2, chumvi, pilipili manga

Hatua kwa hatua

1. Maharage, usiku wa kuamkia. Loweka usiku kucha, si chini ya saa 5. Asubuhi mwaga maji yale, weka mapya, chemsha kwa moto mkali yatokote angalau dakika 10, ndipo upunguze moto mpaka yaive kabisa, yabonyee kwa vidole. Hapa msifanye mzaha. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko mkali. Yakipashwa kwa moto mdogo tu bila kutokota yanaweza kumtapisha mtu. Saladi ni mbichi, maharage siyo. Yakiiva chuja, yatandaze kwenye sinia yapoe haraka, kisha yaweke kwenye baridi.

2. Karanga. Chagua kwa mkono. Iliyosinyaa, yenye ukungu, iliyobadilika rangi au chungu, tupa. Sumukuvu haionekani kila mara na kukaanga hakuimalizi. Tunakumbuka mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walipoteza maisha kwa mahindi yenye sumukuvu. Karanga nazo zinashambuliwa vile vile. Kaanga bila mafuta, menya. Gramu 50 twanga ziwe laini kabisa kwa ajili ya mchuzi, zilizobaki ziponde vipande.

3. Kuosha. Nawa mikono kwa sabuni. Toa majani ya nje ya kabichi, ikate vipande vinne, ondoa moyo, loweka kwenye maji ya chumvi dakika 10 wadudu watoke, suuza kwa maji yanayotiririka. Karoti na bitiruti zisugue kwa brashi kabla ya kumenya. Ukimenya ikiwa na udongo, kisu kinapeleka udongo ndani.

4. Kabichi kwanza. Ikate nyembamba sana kama ya kachumbari. Nyunyiza chumvi kijiko kimoja kidogo na maji ya ndimu moja, ifikiche kwa mikono dakika mbili tatu, iache robo saa. Chumvi inavuta maji kutoka kwenye seli za kabichi, inalainika bila moto. Kamua kidogo, mwaga maji. Hatua hii ndiyo inayozuia saladi kuogelea kwenye chombo baada ya saa mbili.

5. Karoti. Kwaruza kwa kikwaruzo chenye matundu makubwa, wengi tunakiita greta. Matundu madogo yanatoa uji, matundu makubwa yanatoa nyuzi zinazotafunika. Shiba inatokana pia na kutafuna.

6. Bitiruti mwisho, na chombo chake peke yake. Rangi yake inayeyuka kwenye maji na itapaka kila kitu. Kwaruza, tia kijiko kimoja cha mafuta, changanya. Mafuta yanazifunika nyuzi na kupunguza kuchuja rangi. Utaiweka juu wakati wa kupakua tu.

7. Mchuzi. Changanya karanga zilizotwangwa, maji ya ndimu mbili na chungwa, mafuta yaliyobaki, tangawizi na saumu vilivyopondwa, chumvi na pilipili manga. Ukiwa mzito ongeza maji safi kijiko kimoja kimoja. Unashika nafasi ya mayonezi, ambayo ina yai. Ukitaka utamu zaidi ongeza chungwa au sukari kidogo. Usitie asali kwa mteja vegani, kwake asali ni mali ya nyuki.

8. Kupanga. Kabichi na karoti chini, maharage, hoho na kitunguu juu yake, bitiruti katikati, karanga zilizopondwa na giligilani juu kabisa. Mchuzi uwe kwenye kikombe chake chenye mfuniko, mteja atamimina mwenyewe.

Kama una parachichi, liongeze wakati wa kula, siyo asubuhi, maana linageuka jeusi.

Kwa nini inashibisha

Saladi nyingi za mjini zinamwacha mtu na njaa kwa sababu ni majani na maji tu. Hapa tumeweka maharage, ambayo yakiiva yana protini karibu gramu 9 kwa kila gramu 100, na karanga zenye kama gramu 25 kwa kiasi hicho hicho. Mafuta nayo yana kazi mbili. Yanashibisha, na yanausaidia mwili kufyonza ile rangi ya njano ya karoti ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Karoti bila mafuta, sehemu kubwa inapita tu. Vitamini C ya kabichi mbichi na ndimu inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage.

Sasa hapa niwatahadharishe. Nimeona mabango ya "bitiruti inaongeza damu papo hapo". Rangi nyekundu si damu. Bitiruti ina folati nzuri, lakini madini ya chuma ni chini ya miligramu moja kwa gramu 100. Kwenye sahani hii maharage ndiyo yanayobeba chuma kingi. Uza chakula, usiuze dawa. Na mwambie mteja mapema kwamba kesho yake mkojo unaweza kuwa na rangi ya waridi, asikimbilie hospitali akidhani anatoka damu. Pia andika wazi kwamba kuna karanga, maana wapo watu zinaowadhuru vibaya.

Baridi ndiyo biashara

Karoti nzima inakaa wiki. Ukishaikwaruza umefungua maelfu ya vidonda vidogo, inapumua haraka, inapoteza maji, na vijidudu vinapata meza. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula cha kuharibika kihifadhiwe kwenye nyuzi 5 au chini yake, na kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Tafsiri yake kwako: deli lenye barafu ya kutosha, kipimajoto cha bei ndogo ndani yake, na saladi inayotengenezwa asubuhi na kuuzwa siku hiyo hiyo. Iliyobaki jioni hairudi deli kungoja kesho. Ubao wa kukatia mboga usiwe ule ule uliokatia kuku jana.

Kwa upande wa serikali, usalama wa chakula tangu 2019 uko chini ya TBS. Kabla ya kuanza nenda kwa afisa afya wa halmashauri yako, akague sehemu unayoandalia na akuelekeze kupima afya kwa wanaoshika chakula. Ukitaka kufika kwenye kufungasha na kuweka lebo, ofisi ya SIDO ya mkoa ni mahali pazuri pa kuanzia.

Tufungue daftari la hesabu

Namba hizi ni za mfano, futa weka za soko lako. Mboga za shamba lako zihesabu kwa bei ambayo ungeziuza. Ukiziandika sifuri unajidanganya.

- Kabichi 1,000, karoti 1,500, bitiruti 1,500: jumla 4,000
- Maharage 900, karanga 600: jumla 1,500
- Hoho, kitunguu, giligilani 1,000
- Mafuta, ndimu, chungwa na viungo 1,500
- Mkaa 1,000
- Vyombo kumi vyenye mfuniko 2,500
- Barafu na maji 1,500
- Usafiri 2,000
- Kazi yako 5,000

Jumla kuu ni shilingi 20,000, yaani kila sahani imekugharimu 2,000. Ukiuza 3,000 na zote zikaisha unapata 30,000, faida 10,000 juu ya ujira wako. Zikibaki mbili, unapata 24,000, faida 4,000. Ukiuza saba tu, umebaki na 1,000. Ukiuza sita, umekula hasara.

Angalieni tena hesabu hiyo. Kabichi, karoti na bitiruti kwa pamoja ni 4,000 kati ya 20,000, moja ya tano. Zilizobaki ni kazi, chombo, barafu, usafiri na viungo. Kwa hiyo bei ya karoti ikishuka nusu, faida yako kwenye saladi inabadilika kidogo tu. Lakini sahani mbili zikibaki, zaidi ya nusu ya faida imeondoka. Biashara hii haiokolewi na mboga za bei rahisi, inaokolewa na oda zilizothibitishwa. Usitengeneze kumi ukitumaini. Pata oda saba kwanza, tatu ndizo za kubahatisha.

Na tuelewane, saladi haitamaliza tani zako. Sahani kumi zinakula kilo moja ya karoti. Sahani mia moja kwa wiki ni kilo kumi. Gari la dalali litaendelea kuja, na lumbesa, ambayo sheria ya vipimo imeikataza, tutaendelea kupigana nayo. Faida ya saladi ni kwamba inakupa sehemu ya kupeleka zile karoti zenye sura mbaya, inakupa pesa ya kila wiki wakati kabichi bado inakua, na inakulazimisha kuandika daftari la dawa. Hilo la tatu mimi naona ndilo lenye thamani zaidi, kwa sababu mnunuzi yeyote wa maana, awe hoteli, supamaketi au msafirishaji nje, swali lake la kwanza litakuwa lile la yule mama: mnajuaje ni salama?

Kazi ya wiki hii

Usikimbilie kununua deli. Fanya mambo matatu kwanza. Andika tarehe ya dawa ya mwisho kwa kila kipande chako, na siku kitakapokuwa huru. Tengeneza sahani kumi za nyumbani kwa vipimo vya hapo juu, pima kwa mizani ujue kilo moja ya karoti zako inatoa gramu ngapi baada ya kumenya. Halafu wape majirani wanaosema ukweli, siyo wale wa kukusifia, waulize wangelipa shilingi ngapi.

Ukishapata majibu hayo ndipo tuzungumze mtaji. Nipo ofisini kata siku za kazi asubuhi, mchana nipo mashambani. Ukiniona njiani nisimamishe, ila njoo na daftari.

Kazi njema, na baridi isiwatishe.